Kasuku Amekwama

Asubuhi ile Kasuku hakutaka kutoka chumbani. Alijifunika blanketi hadi utosini, na kila alipofumba macho alimwona Fundi amesimama kwenye kijia cha mlimani, shati limenyooshwa kwa pasi, mdomo wazi, neno halitoki. Akifumbua macho, alimwona vilevile. Basi akabaki macho kodo ndani ya lile giza la blanketi, uso unamwaka kama mtu aliyeinamia jiko.

"Wewe mtoto!" Shangazi aligonga mlango kwa funguo zake. "Wageni wa chumba cha mwisho wameondoka, mashuka yananisubiri, na wewe umejiviringisha humo kama mkeka!"

"Naumwa, Shangazi."

"Unaumwa nini?"

"Kichwa."

"Kichwa hakina kosa. Mdomo ndio uliokiponza."

Kasuku akaketi. Kumbe habari zilikuwa zimekwisha kuteremka mlimani na kufika hadi jikoni. Mji wenyewe mdogo, ukikohoa juu kwenye misitu, watu wa bondeni wanakupa pole.

Jina la Kasuku alipewa na wenzake wiki ya kwanza tu ya likizo. Baba yake alikuwa amempandisha huku kwa dada yake mwenye nyumba ya wageni, eti apumzike baada ya mitihani mikubwa. Kupumzika kwenyewe hakukuwepo. Aliwakuta vijana wawili wasiojua maana ya kukaa: Twiga, mwana wa seremala, mrefu wa kuinama kila mlangoni, na Kiberiti, binti wa mwenye duka la dawa, mfupi na mwepesi wa kuwaka. Watatu hao waliogelea chini ya maporomoko hadi meno yakagongana. Waliteleza kwenye nyasi za mteremko wakiwa juu ya magunia. Waliingia kwenye jumba bovu la posta ya zamani kutafuta mashetani, wakamkuta mbuzi. Na jioni, wakijikausha juani, Kasuku aliwaigizia watu wa mji: seremala anavyopiga chafya, mwenye duka la dawa anavyokuuliza ugonjwa wako kwa sauti ili foleni nzima isikie, Shangazi anavyosaka funguo alizozishika mkononi. Akimwiga mtu, uligeuka nyuma kumtafuta mwenyewe. Wenzake walicheka hadi wakagaagaa chini, naye alikipenda kile kicheko kuliko ilivyofaa.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Kasuku hakumwigiza wala hakumtaja. Huyo ni Fundi wa masweta.

Karakana yake ilikuwa kwenye kona juu ya shule, chumba kimoja chenye mashine mbili za kufuma, moja ya kwake na moja ya mama yake, na mabonge ya uzi yamepangwa hadi darini. Ukipanda mlima na viguo vyepesi, siku ya pili utakwenda kwa Fundi tu, utake usitake. Kasuku alikwenda. Fundi alimpima mabega kimya kimya, akampima mkono, kisha akasimama na tepu shingoni kama mtu anayejiandaa kuruka mfereji.

"Mi-mi-mikono unaipenda mi-mirefu?"

Kigugumizi kile kilijulikana mji mzima. Vijana walimwita Redio Mbovu.

"Mirefu sana," Kasuku alimjibu. "Ili nirudi uipunguze."

Fundi alimtazama. Hakucheka mdomoni, alicheka machoni, na Kasuku akasahau alichokuja kufanya. Alirudi mikono ikapunguzwa. Alirudi tena ikarefushwa. Sweta lile lilifumuliwa na kufumwa hadi uzi ukachoka. Na siku moja, nyuma ya karakana, mama mtu akiwa amekwenda sokoni, Fundi aliyashika mabega yake yaleyale aliyoyapima, akamwambia, kwa taabu, kwa jasho, neno kwa neno:

"Ni-nikikuona, ma-ma-maneno yote yananikimbia. Li-linabaki jina lako tu."

Wavulana wengi walikuwa wamekwisha kumwambia Kasuku maneno matamu. Hakuna aliyeyatolea jasho.

"Njoo kesho jabalini," alimwambia, machozi yakimlenga. "Nataka wenzangu wakujue."

"Wa-wataniita Redio."

"Mbele yangu? Wathubutu!"

Fundi akafikiri. "Nitawaambia 'Ha-ha...' Hapana. Hiyo inanikaba. Labda 'Salama, jamani?' Salama inate-teleza vizuri."

"Basi waambie salama."

"Utakuwa ka-karibu yangu?"

"Nitakuwa karibu kuliko shati lako."

Hayo aliyasema kwa kinywa chake. Sasa yalimrudia chini ya blanketi, moja moja, na kila moja lilimchoma.

Jana yake walikaa jabalini, yeye, Twiga na Kiberiti, mahali pale ambapo ukipiga kelele jiwe linakurudishia sauti yako. Fundi alichelewa. Kasuku akawa anatupa macho kwenye kijia kila mara, hadi Kiberiti akawaka.

"Unamsubiri nani wewe? Tangu tufike shingo yako imepinda kama ya kuku anayetafuta mwewe."

"Simsubiri mtu."

"Mh! Twiga, nilimwona juzi akitoka kwa Redio Mbovu amejaa tabasamu. Leo tena anatazama njia. Jumlisha mwenyewe."

"Redio Mbovu!" Twiga akapiga goti kwa furaha. "Kasuku, una mchumba? Mahari yake ataitaja kwa muda gani? Si watafika wajukuu kabla hajamaliza?"

Pale ndipo mahali pa kusema. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini Kasuku aliona haya kuchekwa, yeye aliyezoea kuchekesha, na mtu anayeona haya hushika lile analolijua. Alisimama juu ya jiwe, akatundika mshipi wa nguo shingoni uwe tepu, akakaza shingo, akafumba jicho moja kama Fundi anavyolifumba neno likimkwama, akapaza sauti:

"Ni-ni-nikikuona! Ma-ma-ma-maneno yote yananikimbia! Li-li-linabaki jina lako tu!"

Jabali likaipokea, likairudisha yote, na kigugumizi chake. Twiga alianguka chini kwa kicheko. Kiberiti alicheka kidogo, kisha akaacha. Akamwangalia mwenzake kwa namna nyingine.

"Kasuku. Maneno hayo alimwambia nani?"

Ndipo Kasuku alipogundua. Angeweza kuiga chochote, hata bei ya uzi. Katika maneno yote ya dunia ulimi wake ulikuwa umechota yaleyale aliyoambiwa peke yake. Aligeuka kukwepa macho ya Kiberiti, na kwenye kijia alikuwepo Fundi, nywele zimechanwa, shati linang'aa, amefika muda si mrefu lakini mrefu wa kutosha.

Fundi alifungua mdomo. Salama ile iliyoteleza vizuri haikuteleza. Midomo ilihangaika, jicho likafumba, na Twiga, bila kujua anachokanyaga, akasema, "Jamani, betri zimekwisha!"

Na Kasuku akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyebanwa, lakini kilikuwa kicheko, na Fundi alikisikia. Aligeuka akashuka mlima bila haraka, kama mtu aliyekuja kuangalia mahali akaona hapamfai. Kasuku hakumfuata. Kucheka alicheka na kumfuata hakumfuata, na hadi leo hajui lipi lilikuwa baya zaidi.

*

"Shangazi," alisema sasa, blanketi magotini, "nitafanyaje?"

Shangazi aliingia, akaketi kitandani na furushi la mashuka mapajani. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini safari hii alianza taratibu.

"Unampenda yule kijana, au ulikuwa unajipumbaza na likizo?"

"Nampenda."

"Usinijibu upesi hivyo. Baba yako anakuja kukuchukua mwisho wa wiki. Akisikia kuna fundi wa masweta kwenye habari zako, atanigeukia mimi. Atasema, dada, nilikupa mtoto umlinde, wewe ukampeleka kupimwa mabega."

"Sasa unanikataza?"

"Jana ningekukataza. Nilikuwa na hotuba yangu tayari: huyo hana elimu, huyo kuzungumza kwenyewe shida, wewe una njia yako mbele. Leo naona haya kuisema, maana kwa hili mwenye kasoro ni wa nyumbani kwangu." Akamtandika na ncha ya shuka. "Nenda kamwombe radhi. Si kwa sababu utampata. Pengine humpati. Nenda kwa sababu umekosa."

"Na mama yake?"

"Mama yake atakutafuna. Nenda hivyohivyo."

Kasuku alipiga moyo konde, akanawa uso, akatoka. Njia ya kupanda karakana aliiona fupi kupita siku zote, maana usipotaka kufika ndipo unapofika. Njiani alijipangia maneno. Alikuwa hodari wa maneno, hilo hakuwahi kulitilia shaka. Angesema, nimekukosea, nilikuwa mwoga, nisamehe. Aliyarudia hadi yakamkaa mdomoni.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi nusu. Ndani walikuwemo mwalimu wa kike aliyefuata masweta ya wanafunzi wake, na dereva wa lori la mbao aliyekuwa akijaribu kofia ya uzi mbele ya kioo kidogo. Fundi alikuwa kwenye mashine yake, kando ya dirisha, mgongo mlangoni. Mama yake alikuwa akishona shingo ya sweta kwa mkono.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo ile ilibaki hewani, haikupokelewa. Mashine ya Fundi ilisimama, kisha ikaendelea.

"Sweta limeharibika?" mama mtu aliuliza, macho kwenye sindano yake.

"Hapana, mama."

"Basi huna shida hapa."

"Nimekuja kuzungumza na Fundi. Kama angeweza kutoka nje kidogo..."

"Nje kufanya nini? Ulipomvunjia heshima ulimwita pembeni? Ulisimama juu ya jiwe ukautangazia mlima. Ukiwa na la kusema lisemee hapahapa, watu wapo."

Mwalimu alijifanya anahesabu masweta. Dereva hakujifanya lolote, aligeuka kabisa na kofia yake kichwani ili aone vizuri.

"Mama, a-acha," Fundi alisema bila kugeuka.

"Siachi. Wewe umeacha mengi, mimi siachi." Mama mtu aliiweka sindano chini. Sauti yake haikuwa kali tena, na hilo lilimtisha Kasuku zaidi. "Binti, unajua kwa nini mwanangu aliacha shule? Kwa kuwa aliitwa mbele asome, na darasa zima likawa linasoma pamoja naye, namna yake. Akarudi, akakaa kwenye mashine ile. Tangu hapo anazungumza na mimi na uzi. Juzi nikamsikia peke yake humu ndani, 'Salama, jamani? Salama, jamani?' Nikasema, Mungu wangu, mtoto amechanganyikiwa. Kumbe anajifunza kuwasalimu rafiki zako. Nilifurahi, mwenzangu. Nilifurahi hadi shati nikalipiga pasi kwa mkono wangu. Alikuwa anataka kuondoka, mimi nikamrudisha, nikamwambia kola haijakaa sawa. Nikamchelewesha." Akalikunja lile sweta. "Najiuliza kama ningemwacha awahi, yasingetokea."

Kasuku aliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka. Alifungua mdomo ayatoe yale aliyoyapanga njiani, na hayakuwepo. Ulimi ulilala kama si wake.

"Ni... ni-ni..." Akameza mate. "Ni-ni-nime..."

Dereva wa lori akaguna, kisha kicheko kikamtoka puani. Si mtu mbaya, ila alikuwa amesikia sifa za Kasuku. Alidhani mchezo umeanza.

Mama mtu alisimama, mkasi mkononi bila kujua kwamba ameushika. "Hata humu ndani mwangu? Mbele ya macho yangu? Toka!"

"Ha-ha-hapana, mama, si-si..." Kasuku alitikisa kichwa, mikono mbele, machozi yanamshuka, na kadiri alivyojitetea ndivyo neno lilivyozidi kumkatikia mdomoni, na kadiri lilivyokatika ndivyo alivyoonekana anaiga. Hapo ndipo alipoijua aibu. Ile ya blanketini ilikuwa utani. Watu wote wale walimtazama, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba ndani yake kuna neno la kweli linatafuta mlango.

"Toka nimekwambia!"

"Mama." Mashine ilikuwa imesimama. Fundi alikuwa amegeuka, na alimtazama Kasuku kwa mara ya kwanza tangu jabalini. Hakumtazama machoni. Alimtazama kooni na mdomoni, kama anavyotazama kazi iliyoleta matatizo. "Mama, hu-huyu haigizi."

"Haigizi vipi? Mimi si kiziwi!"

"Mwenye kui-igiza huchagua mahali pa ku-kukwama. Huyu hachagui." Akavuta pumzi. "Huyu a-amekwama."

Dereva alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Ma-maliza," Fundi alimwambia Kasuku. "Ha-hatuna haraka."

Hakumsaidia neno. Hakumwekea neno mdomoni, kama watu walivyomfanyia yeye maisha yake yote wakidhani ni wema. Alisubiri tu, na kwa kuwa yeye alisubiri, wote wakasubiri: mama na mkasi wake, mwalimu na masweta yake. Kasuku alilia kwanza. Kisha, kipande kwa kipande, likatoka.

"Nilikucheka. Nilikuahidi nitakuwa karibu yako, nikakucheka. Maneno uliyonipa nikayatupa kwa watu. Waliniuliza kama nakupenda, nikaona haya. Wewe huna la kuonea haya. Mimi ndiye ninalo."

Alikuwa amemaliza. Hapakuwa na kingine.

"Ni-nimekusikia," Fundi alisema.

"Umenisamehe?"

Fundi aliitazama mikono yake. "Bado. Ni-nimekusikia."

"Basi nitangoja."

"U-unaondoka mwisho wa wiki."

"Nitangoja huko."

Fundi akageukia mashine yake. Akufukuzaye hakwambii toka, na yule asiyejua kama anakufukuza hakwambii chochote. Kasuku aliinamisha kichwa kwa mama mtu, akatoka, mlango akausahau wazi.

Nje, kwenye kona, Twiga na Kiberiti walikuwa wamekuja kumtafuta. Twiga alitabasamu, kisha akayaona macho yake.

"Vipi? Nani kakuliza? Ulikuwa unafanya nini kwa Redio Mbovu?"

Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na dirisha lilikuwa pale. Kasuku alijua kila neno litasikika ndani. Safari hii hakuwa na mtu wa kumwiga.

"Nimekwenda kumwomba radhi mwanaume ninayempenda."

Twiga akaangalia kushoto na kulia, kama mwanaume huyo yuko barabarani. "Nani? Redio?"

"Ana jina." Na akalitaja, jina lake na la baba yake, kwa sauti kamili, jina ambalo kwa likizo nzima hakuwahi kulitamka mbele za watu. "Nilimcheka jana pamoja nanyi. Hajanisamehe, na ana haki. Ninyi mtamwita mnavyotaka, lakini mimi nikiwepo mtamwita kwa jina hilo."

Twiga, kwa urefu wake wote, akaonekana mfupi. Kiberiti alimshika Kasuku mkono. "Nilijua tangu jana," alinong'ona. "Nami nilinyamaza. Nisamehe na mimi."

"Wewe huko nje!"

Wote waligeuka. Mama mtu alikuwa amesimama mlangoni, shali begani, amekunja uso.

"Umeniachia mlango wazi. Baridi yote ya mlima imeingia kwangu, uzi unanyonya unyevu." Akawatazama mmoja mmoja, akamwishia Kasuku. "Anayetaka kwenda aende, anayetaka kuingia aingie. Lakini mlango ufungwe."

Kasuku alichungulia nyuma ya bega lake. Ndani, Fundi hakuinua macho. Aliyatoa mabonge ya uzi juu ya kigoda kilichokuwa kando ya mashine yake, moja baada ya jingine, akayapanga chini, kigoda kikabaki kitupu. Kisha akarudi kwenye kazi yake.

Kasuku aliingia, akafunga mlango. Akaketi kwenye kigoda kile, mikono magotini, uso ungali unamwaka.